Wanadamu wa Kale na Ulaji wa Nyama ya Binadamu

Katika ghuba ya Funzi, kusini mwa pwani ya Kenya, mahali ambapo mto Ramisi humwaga maji yake baina ya misitu ya mikoko, wenyeji wameishi karne nyingi kwa riziki ya bahari, yaani samaki, kaa, chaza na pweza. Na kwao, kama ilivyo kwa Waislamu wote wa mwambao, maiti ni amana inayooshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa bila kukawia. Msomaji aliyelelewa katika ada hizo, akiambiwa kwamba huenda wanadamu wa mwanzo walikulana, huingiwa na karaha. Walakini karaha haiwezi kuwa hakimu, na jambo hili lataka kupimwa kwa dalili, maana kumwita mtu mla watu ni katika tuhuma kongwe mno ambazo maadui wamepakana.

Pwani yetu yenyewe inao mfano. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, ambao miaka miwili nyuma walikuwa wameiangamiza Kilwa, waliingia Mombasa, kisha wakaendelea hadi Malindi, na huko wakavunjwa na Wasegeju, ambao kizazi chao leo kimekaa Vanga na vijiji vya jirani. Padri wa Kireno João dos Santos, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1609, alieleza kuwa Wazimba walikuwa wakila mateka wao. Lakini Wareno walikuwa wakipigana nao kule Zambezi, na ushahidi wa hasimu juu ya hasimu wake, pasipo mfupa wa kuuthibitisha, haumtoshelezi kadhi mwadilifu.

Mifupa, basi, na itoe ushahidi wake. Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey aliokota huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa Turkana, kipande cha mfupa wa muundi wa kiumbe wa ukoo wa binadamu, chenye umri wa miaka milioni 1.45, nacho kikahifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Miaka mingi baadaye Bi Briana Pobiner wa taasisi ya Smithsonian, alipokuwa akikichungua ili aone alama za meno ya wanyama wakali, alikuta mikato iliyofanana na ya kisu. Na alama zile zilipolinganishwa na nyingine 898 zilizotiwa kwa makusudi katika majaribio, ilibainika, kama ilivyotangazwa mwaka 2023, kwamba katika alama 11 zilizokuwapo, 9 zilitokana na jiwe lenye makali, na 2 zilielekea kuwa za meno ya simba. Mikato hiyo 9 imeelekea upande mmoja, pale hasa ambapo mnofu wa shavu la mguu hushikana na mfupa, kama akatavyo mtu anayetaka nyama. Hata hivyo, zama hizo koo kadhaa za binadamu ziliishi kandokando ya ziwa lile, na kipande hicho hakitoshi kumtambulisha aliyeliwa wala aliyekula. Huenda mlaji alimhesabu mwenziwe kuwa windo tu, kama swala.

Sababu inayotangulia katika fikira ni njaa, nayo si ya kudharauliwa. Tabibu Abdullatif al-Baghdadi, aliyekuwako Misri mto Nile uliposhindwa kufurika, katika mwaka 597 wa Hijra, yaani 1200 hadi 1201, alishuhudia watu wa nchi yenye sharia, masoko na maghala wakila nyama ya binadamu. Sembuse wawindaji wasio na ghala? Walakini wanadamu wa Koobi Fora, tangu miaka milioni 1.95 iliyopita, walijua kula samaki, kobe na hata mamba. Na mtaalamu James Cole wa chuo kikuu cha Brighton, Uingereza, katika hesabu aliyoitoa mwaka 2017, alionyesha kwamba minofu ya mtu mzima ina kalori 32,000 hivi, ilhali ya farasi yapata 200,000. Mtu ni windo lenye akili na hatari nyingi kwa shibe ndogo. Kwa hiyo njaa yaweza kueleza kuliwa kwa aliyekwisha kufa, lakini haielezi vizuri kuwindwa kwa aliye hai.

Sababu ya pili ni uadui. Katika pango la Gran Dolina, Uhispania, mifupa ya watu wa zaidi ya miaka 800,000 iliyopita, wengi wao watoto, ilichanganyika na ya wanyama na kukatwa kwa namna ile ile. Wako wataalamu wanaodhani kwamba kundi moja lilikuwa likivamia jirani zake kwa kugombea ardhi. Sababu ya tatu ni ada. Katika pango la Gough, Uingereza, takriban miaka 14,700 iliyopita, watu waliokuwa na nyama ya farasi walichonga mafuvu ya wafu yakawa vikombe, na mfupa mmoja wa mkono wakautia nakshi kabla ya kuuvunja kutoa uboho. Mwenye njaa hana haja ya kunakshi.

Tena si kila mkato ni wa ulaji. Fuvu lililopatikana mwaka 1976 huko Bodo, si Bodo yetu ya Kwale wanakopanda mashua waendao Funzi, bali ile ya bonde la Awash, Uhabeshi, lenye miaka 600,000, lilibanduliwa nyama kwa jiwe. Na fuvu la mtoto wa Herto, katika bonde hilo hilo, la miaka 160,000, baada ya kukatwa lilishikwashikwa mpaka likang'aa, dalili ya kuwa lilitunzwa. Mkato hutuonyesha kitendo, na nia huonyeshwa na vile vilivyouzunguka mfupa. Wala tusisahau kwamba katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 iliyopita, mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi alilazwa ubavu kaburini, mwili umefungwa na kichwa kimeegemezwa kama juu ya mto.

Basi tusiwahukumu wazee wa wanadamu kuwa mazimwi, wala tusiwatakase. Mfupa wa Koobi Fora ulikaa nusu karne katika hifadhi kabla ya kusomwa sawasawa. Na vijana wa Kwale watakaojifunza elimu hii watakuta katika hifadhi hizo hizo, na katika mapango ya pwani yao, mashahidi wengi ambao bado hawajaulizwa.