Boi Hana Umri: Safari ya Neno Moja la Kiingereza

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwaandikia wanafunzi wa kidato cha kwanza orodha ileile ya maneno ya Kiingereza ubaoni, na karibu na juu ya orodha hiyo palikuwa na neno “boy”. Mbele yake niliandika: mvulana. Wanafunzi wakanakili, nami nikaendelea na neno lililofuata. Hakuna aliyeniuliza swali, wala mimi sikujiuliza, ilhali nilijua tangu utotoni kwamba neno hilo lilikwisha kuingia nyumbani kwetu likiwa na maana nyingine kabisa. Marehemu baba yangu alikuwa boi. Aliuanza uboi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge huko Tanga, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, akiwa tayari ana mke. Akauacha akiwa na wajukuu. Katika muda wote huo hakuwa mvulana hata siku moja.

Ndugu msomaji, nilipostaafu nilipata wasaa wa kuyafuatia maneno niliyoyafundisha kwa haraka, na hili lilikuwa la kwanza. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba maana ya mtoto wa kiume ndiyo ya asili, na kwamba maana ya mtumishi ni chumvi iliyoongezwa na wakoloni. Mambo yako kinyume. Neno hili linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 13, na humo aghalabu ni mtumishi, mtu duni, hohehahe, wakati mwingine mlaghai. Mtoto wa kiume alikuja baadaye. Zama hizo mtoto wa kiume aliweza kuitwa “knave”, neno lenye udugu na “Knabe” la Wajerumani, ambalo hadi leo ni mvulana. Na “girl” lilikuwa mtoto yeyote, awe wa kike au wa kiume. Kisha maneno yakapishana ngazini. “Knave” likashuka: kutoka mtoto likawa mtumishi, kutoka mtumishi likawa ayari. “Boy” likapanda, kutoka jikoni hadi kwenye mapaja ya mama.

Kuhusu chimbuko lake wanaisimu wamevutana sana. Wapo wanaolihusisha na lugha za Wafrisia na Waholanzi, majirani wa Waingereza ng’ambo ya bahari. Mwaka 1940 E. J. Dobson alitoa rai nyingine: kwamba limetokana na neno la Kifaransa cha kale la mtu aliyetiwa pingu, nalo limezaliwa na “boia” la Kilatini, yaani pingu zenyewe. Mimi si kadhi wa kesi hiyo. Nakiri tu kwamba nilipoisoma rai ya Dobson niliufunga ukurasa, nikatoka nje kidogo.

Hata baada ya neno kupanda, dharau ilibaki chini yake kama mashapo ya kahawa. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Coriolanus, shujaa anavumilia kuitwa msaliti, lakini adui yake anapomwita “boy” anapandwa na wazimu wa hasira. Muda mfupi baadaye ameuawa. Mtazamaji wa London wa karne ya 17 hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Haifai kuwacheka Waingereza peke yao. Wagiriki wa kale walimwita mtoto na mtumwa kwa neno moja, “pais”. Warumi walifanya vivyo hivyo kwa “puer”, hata mtumwa wa Marcus akaitwa Marcipor, boi wa Marcus, kana kwamba hakuwa na jina lake. Ghulamu wa Kiarabu ni kijana, tena ni mtumishi, tena ni mtumwa. Nasi Waswahili tulikuwa na mtwana na kijakazi, na tuna mtumwa ambaye kwa shina lake ni mtu aliyetumwa, ndugu wa damu wa mtumishi na wa Mtume. Lugha moja, shina moja, na umbali ulioje kati ya mtume na mtumwa! Penye nyumba ya bwana, yule asiye na amri juu ya nafsi yake huhesabiwa pamoja na watoto, na lugha huandika hesabu hiyo bila kuona haya.

Kilichofanywa na himaya ya Uingereza ni kulipakia neno melini. Katika kamusi ya Yule na Burnell, Hobson-Jobson, iliyochapishwa mwaka 1886 ili kueleza maneno ya Waingereza wa India, “boy” ni mtumishi wa nyumbani mwenyeji, wa India ya kusini na wa China pia, anayeitwa kwa kupaaziwa sauti neno hilo tu. Waandishi hao wanaongeza kwamba kusini mwa India palikuwa na jina la tabaka la wachukuzi wa machela linalofanana nalo kwa sauti, na mawili hayo yakachanganyika. Hata Wajerumani, wenye “Knabe” wao, walipotawala Tanganyika walisema “Boy”, na katika jeshi la Lettow-Vorbeck askari walifuatwa na maboi wao wenyewe. Wabelgiji wakalipokea huko Kongo ndani ya Kifaransa chao. Walowezi wa Kenya wakafika mbali zaidi: walichukua neno letu, mtoto, wakalikata kichwa, na mtoto wa kutumwa jikoni akawa “kitchen toto”. Kwa hiyo biashara ilikuwa ya pande mbili. Sisi tuliwapa mtoto wakamfanya mtumishi, wao wakatupa mtumishi aliyekuwa akiitwa mtoto.

Hapa ndipo Kiswahili kilipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijatazamwa vya kutosha. Kwa Mwingereza neno hili lina milango mingi: ni mvulana; ni mwana wa mtu, hata akiwa na ndevu; ni askari waliokwenda vitani; ni rafiki wa klabuni; ni mshangao usio na maana yoyote. Kiswahili kilipita milango yote hiyo, kikaingia mmoja. Hakikuhitaji kuazima mtoto wa kiume, kwa sababu kilikuwa na mvulana, kijana na mwana. Kilichukua kile tu ambacho wasemaji wake waliitiwa. Boi, maboi, uboi. Neno likapata wingi wake, likapata dhana yake, na likakosa umri. Kwa Kiingereza kusema kwamba “boy” fulani ni mzee ni ama utani ama mkanganyiko. Kwa Kiswahili “boi mzee” ni sentensi tulivu. Baadaye tukawa na shamba boi wa kukata majani, na taniboi wa kuning’inia nyuma ya lori, ambaye wengine humwita utingo. Ofisi boi alikuwapo pia, japo tulikuwa na tarishi, neno zuri lililostahili heshima zaidi. Ushahidi kwamba mlango ule mmoja ndio uliofunguka uko kwenye majina ya shule. Watu husema kwa fahari kwamba wamesoma Tabora Boys, lakini sijapata kumsikia yeyote akisema amekuwa miongoni mwa maboi wa Tabora. Akisema hivyo, ameeleza kazi nyingine.

Baba alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia kuhusu jambo hili, ingawa hakujua kwamba alikuwa anasimulia isimu. Juma lake la kwanza kazini, bwana alikuwa na mgeni barazani. Wakazungumza, wakacheka, na bwana akamwambia mgeni “my dear boy”. Baba, aliyekuwa amefundishwa kwamba akilisikia neno lile aje mara moja, akatokea na sinia. Wazungu wawili wakamtazama. Akarudishwa jikoni. Dakika chache baadaye neno likasikika tena, akatokea tena. Mgeni alicheka hadi akatokwa na machozi, na bwana akawa mwekundu. “Nikajifunza,” alisema Baba, “kusikiliza sauti, si neno. Likija laini ni la mgeni. Likija kavu ni langu.”

Usemi huo wa baba nimeukuta, kwa mshangao, katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2006. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku katika jimbo la Alabama walidai kwamba walinyimwa vyeo kwa sababu ya rangi, na sehemu ya ushahidi wao ilikuwa kwamba meneja aliwaita “boy”. Mahakama ya rufani ilikuwa imesema kwamba neno hilo peke yake, bila kuongezewa kivumishi cha rangi, si dalili ya ubaguzi. Mahakama ya Juu ikakataa. Si kila mara neno hilo ni tusi, ilisema, lakini haifuati kwamba likisimama peke yake huwa safi. Maana yaweza kutegemea muktadha, kupanda na kushuka kwa sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Baba alifikia hukumu hiyo akiwa na sinia mkononi.

Marekani kulikuwa na sababu ya majaji kuijua historia hiyo. Katika majimbo ya kusini mwanamume mweusi aliweza kuzeeka na kuzikwa akiitwa “boy” na watoto wa Kizungu. Februari 1968, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka, wazoa taka wapatao 1,300 wa Memphis waligoma, na mabango yao yalikuwa na maneno manne: I AM A MAN. Ni mgomo huo uliompeleka Martin Luther King Memphis, alikouawa Aprili 4. Nimejaribu mara nyingi kulitafsiri bango hilo. “Mimi ni mwanamume” inaleta majigambo ya kijijini. “Mimi ni mtu” inakaribia, lakini inapoteza ukali, kwa kuwa “man” pale limesimama uso kwa uso na neno ambalo halikuandikwa. Anayejua neno lililofichwa ndiye anayelisoma bango. Afrika Kusini nako, msimamizi mweusi mgodini aliitwa “boss boy”: cheo kilipanda, jina likabaki chini.

Lakini maboi hawakuwa mabubu, na ushahidi ulio bora uko katika Kiswahili. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji wao, iliyokusanywa na André Yav. Imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, Kiswahili cha watu ambao hawakufundishwa kukiandika. Maneno yameungana na kukatika pasipo kanuni, kiasi kwamba ilibidi isomwe kwa sauti ndipo ieleweke. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kinachonivuta zaidi ni jina la kijitabu. Hawakukiita historia. Walikiita, kwa Kifaransa, msamiati wa mji: “Vocabulaire”. Nimekwisha kusikia wasomi wakisema kwamba hilo ni kosa la watu wasiojua Kifaransa vizuri. Yamkini. Mimi naona mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana kwa miaka arobaini anajua kwamba habari za mji ule zimo katika nani aliitwa nini.

Sisi wa leo tumelificha neno boi, tunaliona la aibu, na huku tunamwita hausigeli mwanamke mwenye watoto wanne. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unamtaja kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Katika nyumba ngapi za walimu wenzangu, na yangu nikiitia humo, maneno hayo matatu yamewahi kutamkwa?

Nimalizie na barua. Mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, nilirudi likizo. Baba alikuwa ametoka kuhitimu kisomo cha watu wazima, na aliweza kusoma Kiswahili kwa kukifuata kwa kidole. Akatoa bweta lake, na ndani yake barua tatu za sifa kutoka kwa Wazungu watatu waliomwajiri, za kumwonyesha mwajiri mwingine. Alikuwa amezitunza miaka yote bila kujua zinasema nini. Akaniambia nizisome kwa Kiswahili.

Ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1961. Ilisema kwamba “boy” huyu ni mwaminifu, haibi sukari, anajua kupiga pasi mashati. Nikasoma: mtu huyu ni mwaminifu. Katika zote tatu, kila neno lile lilipotokea, nikasema mtu. Baba akazichukua, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama mahali.

“Hapa pameandikwa nini?”

“Mtu, Baba.”

“Mtu naijua,” alisema. “Mtu ina herufi tatu, na hili lina tatu, lakini hazifanani. Hii ni be, kama ya baba.” Akanirudishia karatasi. “Soma ilivyoandikwa, mwanangu. Kazi niliifanya mimi.”

Nikazisoma upya zote tatu, na safari hii nikasema boi kila lilipopaswa kusemwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni wapi walipoandika kuhusu mikate yake, maana wageni walikuwa wakitoka hadi Korogwe kuja kuila. Nikatafuta katika kurasa zote, mbele na nyuma. Hawakuwa wameandika.