Karani na Jina la Ukoo: Nasaba za Uskoti na Ayalandi

Atafutaye nasaba yake katika Uskoti ana nafuu kuliko mwenzake wa Ayalandi. Uskoti iliandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa sheria tangu tarehe 1 Januari 1855. Ayalandi haikuandikisha vyote vitatu ila tangu 1864. Tena tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hati mjini Dublin iliteketea, na hesabu za watu za 1821 hadi 1851 zikaungua karibu zote. Zile za 1861 hadi 1891 zilikwisha haribiwa na serikali yenyewe. Moto hauna lawama hapo.

Kwa hiyo hutegemewa makadirio ya ardhi ya Griffith, ya 1847 hadi 1864, na hapo ndipo elimu ya lugha huhitajiwa. Karani aliandika Kiingereza. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, aweza kuwa McGowan katika daftari moja na Smith katika nyingine. Asiyejua Kiayalandi atahesabu watu wawili. Nami naona heri ashike kwanza jina la kitongoji, kisha ndipo aulize la mtu.