Nyumba, Kodi na Maradhi: Historia Inawafundisha Nini Mwenye Nyumba na Mpangaji



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaukumbuka mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa na tarawehe tulizisali sebuleni na watoto. Hapa Uganda, bodaboda zilizuiwa kubeba abiria mwishoni mwa mwezi wa Machi na hazikuruhusiwa tena mpaka mwishoni mwa Julai. Maduka ya kati ya mji wa Kampala nayo yalifungwa kwa miezi kama hiyo. Sasa fikiria ua mmoja wenye vyumba vinne vya kupanga, vile tunavyoviita mizigo. Mwenye nyumba ni mama mjane, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chake na dawa zake. Chumba cha kwanza anakaa dereva wa bodaboda ambaye hana pa kupata senti. Cha pili anakaa mtu ambaye mshahara wake unaingia kila mwezi, lakini naye amesikia habari za Corona akaona hiyo ndiyo nafasi ya kutolipa. Choo cha pamoja kimeziba, bomba linavuja, na fundi anaogopa kuja.

Je, nani amemdhulumu nani? Na nani abebe hasara?

Maswali haya si mapya. Waislamu wamepanga nyumba na kupangisha kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, na katika muda huo maradhi makubwa yamepita juu yao mara nyingi. Tukitazama nyuma tutaona jambo moja linajirudia: penye nyumba iliyotunzwa na haki iliyotenganishwa vizuri, watu walivuka msiba wakiwa bado majirani. Penye kupuuza, msiba uliwakuta wote, mwenye nyumba na mpangaji.

Ufunguo, theluji na taka

Tuanze na elimu ya fiqhi. Kupangisha nyumba ni mkataba wa ijara, yaani mtu anauza manufaa ya kitu na kitu chenyewe kinabaki kuwa chake. Mpangaji hakununua kuta. Amenunua kukaa humo kwa salama katika muda waliokubaliana. Kwa hiyo ikiwa kukaa hakuwezekani, kilichouzwa hakijafika mkononi mwake.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 katika mji wa Nawa huko Sham, aliandika kitabu cha Minhaj ambacho kimesomeshwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa ijara anaeleza mambo ya nyumbani kabisa. Mwenye nyumba anatakiwa amkabidhi mpangaji ufunguo. Matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Asipoyafanya kwa haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Theluji iliyoanguka juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, lakini theluji na taka za uani husafishwa na mpangaji.

Sisi hatuna theluji, lakini kanuni tunaielewa. Kile kinachobeba nyumba, kama paa, kuta na milango, ni cha mwenye nyumba. Kile kinachotokana na kukaa, kama takataka na usafi wa kila siku, ni cha mpangaji. Wanazuoni wakaongeza kuwa mpangaji ni mwaminifu juu ya nyumba aliyokabidhiwa. Kitu kikichakaa kwa matumizi ya kawaida halipi. Akivunja kwa kusudi au kwa uzembe, analipa.

Damascus na Cairo, mwaka 1348

Katika mwaka 1348 tauni kubwa ilikuwa imeenea Sham na Misri. Msafiri Ibn Battuta, ambaye miaka kumi na saba kabla ya hapo alikuwa amepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alikuwa Damascus mwezi wa Julai mwaka huo. Anaeleza jinsi watu walivyofunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja miguu mitupu, wakubwa kwa wadogo, Waislamu na Misahafu yao, Mayahudi na Wakristo na vitabu vyao, wakimlilia Mola wao.

Huko Cairo watu walikufa kwa wingi hata mitaa ikabaki na nyumba zisizo na wakaaji. Hasara hiyo haikuwa ya matajiri peke yao. Madrasa, hospitali na misikiti mingi ilikuwa ikiendeshwa na waqfu, na sehemu kubwa ya pato la waqfu ilitokana na kodi za nyumba na maduka. Mpangaji akifa au akikimbia, mwalimu wa madrasa hana mshahara na mafuta ya taa za msikitini hayanunuliki.

Hapa ndipo tunaona hekima ya wanazuoni wetu. Kanuni ya waqfu inasema kwamba pato la kwanza hutumika katika matengenezo ya mali yenyewe, kabla ya wale wanaonufaika kupewa chochote, hata kama mwenye kuweka waqfu hakulitaja jambo hilo. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ikianguka hakuna kodi, na bila kodi hakuna sadaka.

Na kama waqfu hauna fedha kabisa? Katika nchi za dola ya Uthmaniyya walitumia njia iliyoitwa mursad. Mpangaji aliruhusiwa kukarabati nyumba kwa fedha zake, gharama zikaandikwa kuwa ni deni juu ya waqfu, kisha deni hilo likawa linakatwa katika kodi kidogo kidogo. Kumbe lile jambo ambalo wenye nyumba na wapangaji wetu hufanya leo, kwamba “tengeneza, utakata kwenye kodi”, lina asili ya zamani. Tofauti ni kwamba wao waliomba idhini kwanza, na hesabu wakaiandika.

Wanazuoni walizungumza pia juu ya msiba unaowapata watu wote. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1223, alisema kwamba ikitokea hofu ya jumla inayowazuia watu kukaa mahali ilipo nyumba, mpangaji ana haki ya kuvunja mkataba. Wanazuoni wa Hanafi wao wakaufungua mlango wa udhuru kwa upana zaidi. Tuangalie vizuri: hofu ya jumla ni jambo moja, na shida ya mtu mmoja mfukoni mwake ni jambo jingine. Dereva wetu wa bodaboda hakuzuiwa kukaa chumbani, bali aliamriwa akae humo humo. Kwa hiyo manufaa aliyapata na deni lipo, ila hana cha kulipa. Hilo lina hukumu yake, na tutalifikia insha'Allah.

Bombay na Nairobi: nyumba iliyoachwa

Tuje karibu na zama zetu. Mwaka 1896 tauni ilizuka Bombay, katika mtaa wa Mandvi karibu na bandari. Wafanyakazi walikuwa wakiishi kwa kubanana katika vyumba vya kupanga vyenye giza, hewa kidogo na mifereji mibovu. Mamia ya maelfu ya watu waliukimbia mji. Serikali ya Waingereza iliingia majumbani kwa nguvu, ikapaka chokaa, ikatoboa mapaa ili jua liingie, na nyumba zilizoonekana hazifai kukaliwa na binadamu zikatiwa alama. Mwaka 1898 daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba tauni huletwa na viroboto vya panya. Maana yake ni kwamba tundu la panya ukutani, ambalo fundi angeliziba kwa siku moja, lilikuwa ni mlango wa mauti.

Bombay na pwani yetu zimeunganishwa na bahari, na mafundi na wafanyabiashara wengi waliojenga reli ya Uganda na miji yake walitoka upande huo. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi katika soko la Wahindi. Mji ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu tangu reli ilipofika mwaka 1899. Soko lilikuwa limesongamana na halikuwa na mifereji ya maana. Wakuu wa kikoloni hawakutengeneza kitu. Walilichoma moto. Wenye maduka na waliokuwa wamepanga wakapoteza makazi kwa pamoja. Ugonjwa ulirudi tena katika miaka iliyofuata, na Profesa W. J. Simpson alipoletwa kuchunguza hali ya afya mwaka 1913, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu. Uchafu wa nyumba ukafanywa hoja ya kuwatenga wanadamu.

Tuzingatie, ndugu zangu. Pale ambapo wakuu hawakuleta mifereji na wenye majengo hawakutengeneza, alikuja mwingine akaamua kwa moto na kwa sheria ya ubaguzi.

Corona: mizani mbili zisichanganywe

Mwaka 2020 Corona haikupitia kwa panya, ilipitia kwenye hewa tunayovuta. Lakini nyumba ilirudi kuwa ni kinga au ni hatari. Dirisha lisilofunguka, bomba lisilotoa maji ya kunawa, choo kimoja kibovu kwa familia sita, yote haya yalikuwa mambo ya afya ya ua mzima.

Katika nchi jirani ya Kenya, wapo wenye nyumba waliong'oa milango na mabati ya wapangaji walioshindwa kulipa, watu wakabaki na watoto wao wakitazama mbingu. Huku kwetu Uganda, maduka ya Kampala yalipofunguliwa, ugomvi ukazuka juu ya kodi ya ile miezi ambayo biashara zilikuwa zimefungwa kwa amri. Mwaka 2022 Uganda ikapata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji, inayotaka nyumba iwe ya kufaa kukaliwa na mtu, na mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama.

Kosa la aliyeng'oa mlango ni kuchanganya mizani mbili. Matengenezo ni haki moja, na deni la kodi ni haki nyingine. Mwenye nyumba asiseme, “Hujanilipa, basi kaa na choo kilichoziba.” Na mpangaji asiseme, “Kuna Corona, basi silipi,” na hali anacho.

Kuhusu mpangaji mgumu, dini yetu haikuwaweka wote katika kapu moja.

Wa kwanza ni asiyeweza. Huyu ni yule dereva. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 280, inatuelekeza kumpa mdaiwa mwenye dhiki muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe kwa nia ya sadaka ni bora zaidi. Kumpa muda si kufuta deni. Kusamehe ni hiari ya mwenye haki, na yule mama mjane naye ana dhiki yake, hatuwezi kumlazimisha. Hapo ndipo zaka na sadaka za msikiti zina kazi, kwani mwenye madeni ni katika wanaostahiki zaka.

Wa pili ni anayeweza lakini anachelewesha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Huyu aambiwe ukweli mbele ya mashahidi, kisha sheria ifuate mkondo wake. Asipigwe, asifungiwe kufuli, asiaibishwe mbele ya watoto wake.

Wa tatu ni anayeharibu. Huyu analipa alichovunja. Lakini ili ijulikane alichovunja, lazima pawe na karatasi inayoeleza nyumba ilikuwaje alipoingia. Wengi tunapangishana kwa mdomo, kisha tunaapishana kwa Mungu juu ya kioo cha dirisha.

Tufanye nini majumbani mwetu?

Kwanza, tuandikishane. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Tuandike kodi, muda, hali ya nyumba, na nani atengeneze nini.

Pili, tuige kanuni ya waqfu. Kila kodi inapoingia, sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya matengenezo kabla haijaingia jikoni. Aliyefanya hivyo kabla ya 2020 hakukosa fedha ya fundi ilipokuja shida.

Tatu, tujue kipi hakingoji. Maji, choo, umeme unaopiga shoti na paa linaloanguka havisubiri. Rangi ya ukuta inasubiri. Na fundi anapokuja wakati wa maradhi, wakaaji wampishe nafasi, wafungue madirisha, na mlipaji amlipe siku hiyo hiyo.

Nne, mpangaji aliyepata shida aseme mapema. Mwenye nyumba huumizwa zaidi na simu isiyopokelewa kuliko deni lenyewe. Hata nusu ya kodi ikiletwa kwa adabu huufungua moyo wa mtu.

Nawausia wanafunzi wetu wasome historia hii kwa makini, kwani wao ndio watakaokuwa wenye nyumba na wapangaji wa kesho, na maradhi mengine yatakuja kwa siku anayoijua Allah. Yatakapokuja, yatukute mapaa yetu ni mazima na hesabu zetu zimeandikwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliotangulia kwa maradhi haya, awape nafuu wenye madeni, azibariki nyumba zetu na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.