Garrard, Leak, Pye: Majina ya Uingereza katika vinanda vya santuri na yalikoishia

MTU anayefungua kabati la zamani la kinanda cha santuri, katika nyumba ya Kariakoo au katika ghorofa za kale zilizo karibu na Kivukoni jijini Dar es Salaam, aghalabu hukutana na majina mawili. Juu ya mbao husomeka Pye, Bush au Murphy. Pembeni mwa sahani inayozunguka husomeka Garrard au BSR.

Hilo si kosa la fundi. Viwanda vingi vya Uingereza vilitengeneza kabati, redio na spika tu, na mtambo wa kuzungusha santuri vikaununua kwa kampuni nyingine. Ndiyo maana kampuni ambazo watu wengi hawakuzijua kwa jina ziliingia katika nyumba nyingi kuliko zile zilizotangazwa magazetini.

Uhusiano wa pwani yetu na bidhaa hizo ni wa zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri zake za kwanza kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya HMV. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia na kuwa EMI, nayo EMI iligawanywa na kuuzwa vipande mwaka 2012.

Ikiwa jina kubwa kiasi hicho lilivunjika, madogo yalipatwa na nini?

GARRARD

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1915 na masonara wa familia ya kifalme ya Uingereza, kwa ajili ya kutengeneza vifaa vya kupimia masafa ya mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipomalizika, ustadi huo ulihamishiwa katika mota za kamani za gramafoni, kwenye kiwanda cha mji wa Swindon.

Mtambo wake mashuhuri, 301, ulitoka katikati ya miaka ya 1950 na ukatumiwa hata na vituo vya redio. Ulifuatwa na 401 mwaka 1965. Lakini tangu mwaka 1960 kampuni ilikuwa mikononi mwa Plessey, na mwaka 1979 iliuzwa kwa Gradiente ya Brazil. Uzalishaji wa Swindon ulififia. Mwaka 2018 jina hilo lilinunuliwa na wamiliki wa kampuni ya Uingereza ya SME.

BSR

Birmingham Sound Reproducers, iliyoanzishwa na Daniel McDonald mwaka 1932, ilichagua njia tofauti. Haikutafuta sifa za wataalamu, bali ilitengeneza kwa wingi mitambo ya bei nafuu inayobadilisha santuri yenyewe. Viwanda vingi duniani viliifunga mitambo hiyo ndani ya makabati yao.

Kaseti zilipotawala, soko hilo liliporomoka. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa, na kampuni ikageukia vifaa vya umeme kupitia Astec ya Hong Kong.

LEAK NA WHARFEDALE

Harold Leak alianza kazi mwaka 1934. Mwaka 1945 alitoa amplifaya aliyoipa jina la Point One, kwa maana kwamba upotofu wa sauti yake ulikuwa asilimia 0.1 tu, kiwango kilichowashangaza wengi wakati huo.

Gilbert Briggs, mfanyabiashara wa nguo wa Yorkshire, alitengeneza spika zake za kwanza za Wharfedale mwaka 1932 katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Ilkley.

Wote wawili waliuza kampuni zao kwa Rank, Wharfedale mwaka 1958 na Leak mwaka 1969. Jina la Leak lilitoweka madukani baada ya miaka ya 1970. Leo majina yote mawili yanamilikiwa na kundi la IAG lenye viwanda vyake China, na mwaka 2020 kundi hilo lilirudisha amplifaya zenye jina la Leak.

PYE NA BUSH

Pye ilianza Cambridge mwaka 1896 kama karakana ya vifaa vya kisayansi kabla ya kuingia katika redio. Philips ya Uholanzi ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 1967 na kuimiliki yote mwaka 1976.

Bush, iliyoanzishwa mwaka 1932 na kupewa jina la mtaa wa Shepherd's Bush jijini London, ni mfano wa jina lililoendelea kuishi bila kiwanda chake. Tangu mwaka 2008 limekuwa mali ya wenye maduka, wanaolibandika kwenye bidhaa zilizotengenezwa na wengine.

KWA NINI VILIDUMU DAR

Huko Ulaya, vinanda hivyo vilitupwa mapema ili kupisha vipya. Dar es Salaam mambo yalikuwa tofauti.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa uliwekwa chini ya mashirika ya umma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni ziliadimika, na vifaa vya anasa vilikuwa vya mwisho katika foleni. Zaidi ya hayo, santuri za bendi zetu zilichapwa zaidi Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi mwaka 1983.

Aliyekuwa na kinanda hakuwa na namna ila kukitengeneza. Mafundi walitoa kipuri kwenye mtambo uliokufa na kukipachika katika ulio hai. Ruhusa ya mwaka 1984 ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi ilileta redio kaseti kwa wingi, na ndipo vinanda vikasukumwa pembeni.

KABLA YA KUTUPA

Mwenye kinanda cha namna hiyo afahamu mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Tanzania hutumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kama Uingereza, hivyo mitambo hii huzunguka kwa kasi sahihi. Mtambo uliotengenezewa mizunguko 60 ya Marekani hupungukiwa kasi kwa moja ya sita, hata akibadilishiwa mwenyewe volti, na mwimbaji husikika mzito.

La pili ni mpira. Katika Garrard na BSR nyingi, mota huzungusha sahani kupitia gurudumu dogo la mpira. Mpira ukikauka au ukiingia mafuta, santuri huyumba. Mara nyingi mtambo unaodhaniwa umekufa unahitaji gurudumu hilo tu kusafishwa au kubadilishwa.

La tatu ni sindano. Mfereji wa santuri za kale za kasi ya 78 ni mpana, na huhitaji sindano nene takriban mara tatu ya ile ya santuri za baadaye. Vinanda vingi vina sindano ya pande mbili inayogeuzwa. Kosa la upande mmoja latosha kuchuna santuri ambayo haina nakala nyingine.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam zimehifadhi sehemu kubwa ya muziki wa dansi, lakini si wote. Santuri nyingine zimebaki majumbani, na pasipo mtambo wa kuzicheza ni mabamba meusi tu.

Kwa mnunuzi wa leo pia liko funzo. Jina lililo mbele ya spika mpya haliwezi kumwambia nani aliitengeneza. Walioyapa majina hayo heshima wameondoka, na kazi ya mikono yao imo katika vyombo vya zamani vinavyosubiri fundi.