Kuchunguzwa Kabla ya Kurudi Nyumbani

Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2003, jamaa za wanaanga saba walikusanyika Florida, Marekani, kuwapokea wapendwa wao. Chombo cha angani Columbia kilibakiza kama dakika 16 tu kitue. Hakikutua. Kilivunjika vipande vipande juu ya Texas, na wote saba wakafariki. Kiongozi wao, Rick Husband, alikuwa Mkristo aliyeikiri imani yake wazi na kuimba katika kwaya ya kanisa lake.

Kosa halikutokea siku ile. Tarehe 16 Januari, kama sekunde 82 baada ya chombo kuruka, kipande cha povu gumu kisichofika uzito wa kilo moja kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Ukingo huo ni sehemu ya ngao ya joto. Chombo kinaporudi duniani, hewa iliyo mbele yake huwa kama tanuru, na ukingo wa bawa hufikia nyuzi zaidi ya 1,600 za Selsiasi. Nyuma ya ngao kuna aluminiamu, ambayo huyeyuka kwa joto lisilofika nusu ya hilo. Palipo na tundu, moto huingia ndani.

Kinachotuuma ni kwamba kamera zilikuwa zimeliona povu likigonga. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha likiwa angani, lakini ombi lao halikutimizwa. Wakubwa walikuwa wamezoea: povu lilibanduka katika safari nyingi, na vyombo vikarudi salama. Tena wako walioona kwamba hata uharibifu ukigunduliwa, hakuna la kufanya. Husband mwenyewe aliandikiwa kwamba hakuna haja ya wasiwasi.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Harold Gehman ilisema mazoea ya taasisi yalichangia ajali ile sawa na povu lenyewe. Ilionyesha pia kwamba, kama uharibifu ungejulikana mapema, chombo kingine, Atlantis, kilichokuwa kikiandaliwa, huenda kingeweza kwenda kuwaokoa. Ni huenda tu. Lakini asiyetaka kutazama hubaki hata bila hiyo huenda.

Miaka miwili na nusu baadaye, Julai 2005, Discovery kilipaa chini ya uongozi wa Eileen Collins. Kabla ya kuunganishwa na kituo cha anga za juu, Collins alikipindua chombo polepole ili waliokuwa kituoni wakipige picha tumboni. Picha zikaonyesha vipande viwili vya kitambaa cha kujazia nafasi kati ya vigae vya ngao vikiwa vimechomoza. Vilikuwa vidogo, lakini ilihofiwa vingeongeza joto wakati wa kurudi. Tarehe 3 Agosti, Steve Robinson alibebwa na mkono wa mtambo hadi chini ya chombo, mahali ambapo hakuna mwanaanga aliyewahi kufanya kazi katika safari. Alikuwa na msumeno, endapo vingegoma. Havikugoma, alivichomoa kwa vidole. Tarehe 9 Agosti wote walitua salama California.

Mwaka 2007 Endeavour kilikutwa na kigae kilichochimbika. Wataalamu walipima, wakaamua kutokirekebisha, na kikarudi salama. Si kila ufa huhitaji kuzibwa angani, lakini kila ufa unahitaji kutazamwa.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuna mazoea yetu. Tumekosa mara nyingi na hatukuanguka, basi tunadhani tuko salama. Ndugu anayeuliza juu ya hesabu za usharika tunamwita mchochezi. Mama anayesema kijana fulani anapotea tunamwambia aombe tu. Wengine hatutaki kujua, kwa sababu tunaogopa hakuna dawa.

Mwandishi wa Zaburi ya 139 alimwomba Mungu amchunguze, akiamini kwamba anayechunguza ndiye pia anayeongoza. Naye Paulo aliwataka Wakorintho wajihoji kabla ya kuishiriki Meza ya Bwana. Sisi sote tuko safarini kurudi nyumbani. Tuwasikilize wanaoomba tutazame, maana neema ipo, na muda wa kutengeneza bado upo.