Roboti zinazopalilia mashamba bila dawa

PALIZI ni miongoni mwa kazi zinazomchosha mkulima zaidi. Magugu hung'ang'ania maji, mwangaza na rutuba pamoja na mimea, na yakiachwa yatawale katika majuma ya kwanza baada ya kupanda, mavuno hupungua pakubwa.

Kwa miongo mingi, wakulima wengi wenye mashamba makubwa wametegemea dawa za kuua magugu. Hata hivyo, magugu nayo yamejifunza kuzistahimili. Mnamo 1996, ilibainika nchini Australia kwamba nyasi aina ya Lolium rigidum hazikufa tena ziliponyunyiziwa glaifoseti, mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana ulimwenguni.

Isitoshe, mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiorodhesha dawa hiyo kuwa huenda inasababisha saratani. Wadhibiti wa dawa barani Ulaya hawakukubaliana na uamuzi huo, na mnamo 2023 Muungano wa Ulaya uliiidhinisha kwa miaka 10 zaidi.

Mvutano huo, pamoja na uhaba wa vibarua, umewachochea wahandisi kuunda mitambo inayopalilia yenyewe. Kuondoa magugu yaliyo kati ya safu mbili za mimea si kazi ngumu, kwani trekta huifanya tangu zamani. Kibarua ni gugu lililoota ndani ya safu, ubavuni mwa mche. Chuma kikikosea kidogo, mche hung'olewa pamoja na adui yake.

Kampuni ya FarmDroid ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka wa 2018, ilitatua tatizo hilo bila kutumia macho. Roboti yake hupanda mbegu na kuhifadhi mahali hasa ilipoiweka kila moja kwa kuongozwa na setilaiti. Kwa kuwa inajua mche utachipuka wapi, inaweza kuanza kupalilia hata kabla mche haujatokeza ardhini.

Roboti hiyo hutumia nishati ya jua na hutembea polepole, kasi yake ikiwa chini ya kilomita moja kwa saa. Kwa vile haichoki wala haihitaji dereva, huweza kufanya kazi usiku na mchana katika mashamba ya vitunguu na biti za sukari.

Nchini Marekani, kampuni ya Carbon Robotics ya Seattle ilifuata njia tofauti. Mtambo wake uliozinduliwa mwaka wa 2022 hukokotwa na trekta, na una leza 30. Kamera hupiga picha za ardhi, kompyuta hutofautisha zao na gugu, kisha miale ya leza huchoma kitovu cha ukuaji wa gugu hilo. Udongo haupinduliwi, hivyo mbegu za magugu zilizofukiwa chini haziletwi juu zikachipuka.

Licha ya sifa hizo, mitambo hii ina mapungufu. Leza huhitaji muda mrefu zaidi kuua gugu lililokomaa, kwa hivyo anayechelewa hupata hasara. Roboti inayotegemea kumbukumbu ya mbegu nayo haiwezi kuingizwa katika shamba lililopandwa kwa mkono. Juu ya yote, bei yake inawafaa wakulima wakubwa au wanaoungana kununua.

Mkulima wa ekari moja Magharibi mwa Kenya hana haja ya kusubiri roboti ili aachane na dawa. Kituo cha icipe, kwa ushirikiano na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, kilibuni mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi. Mizizi ya mmea huo hutoa kemikali za asili zinazozuia gugu la kayongo kujishikiza kwenye mahindi, huku majani yake yakiwa lishe ya ng'ombe.

Kati ya roboti na desmodiamu kuna funzo moja: gugu hushindwa kwa urahisi zaidi likiwa bado changa, au likizuiwa kabla ya kupata pa kujishikiza.