Mafunzo ya kumtambua na kumsaidia aliye hatarini kujiua

Ni mafunzo yanayomwezesha mtu asiye tabibu kuona dalili za mwenye mawazo ya kujiua, kuzungumza naye na kumfikisha kwa mhudumu wa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani.

Kiini cha mafunzo haya ni swali la moja kwa moja: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kuliuliza, wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Mara nyingi aliyeulizwa kwa upole hupata nafuu. Mwanafunzi hujifunza pia kusikiliza bila kukemea, kutomwacha mtu peke yake saa ya hatari, na kuhimiza familia ifungie viuatilifu. Hilo lina uzito wilayani Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, nchi ya chai, ndizi na viazi, ambako dawa za shambani huweza kuhifadhiwa nyumbani.

Kutoka Tukuyu, makao makuu ya wilaya, mgonjwa huanzia Hospitali ya Makandana, na akihitaji rufaa hupelekwa jijini Mbeya. Walimu, wachungaji, wenyeviti wa vitongoji na waendesha bodaboda ndio wanaofaa kufundishwa kwanza, kwa kuwa huwaona watu kila siku.

Kikwazo kikubwa ni sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya kushtakiwa huwafanya watu wafiche hali yao. Kifungu hicho kinastahili kufutwa.